Wiki moja kwenye boti nyembamba ya Llangollen: boti safi, maelekezo nusunusu

Tangu nirudi, hapa dukani Moshi mteja akija kununua koki anaanza na picha za safari. "Mama Neema, kweli mlilala wiki nzima ndani ya boti?" Kweli kabisa, usiku saba. Na kwa kuwa wengi wenu mna ndugu Uingereza, na watu wawili wameshaniuliza wajiandae vipi, naandika yote kwa pamoja, sifa na lawama.

Nauza vifaa vya bomba, huu mwaka wa 22. Nimezaliwa Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ulipita juu yake, kwa hiyo maji yanayotembea kwa mteremko mdogo niliyajua kabla sijajua kusoma. Nasema haya ili mjue nimeikagua boti hii kwa macho gani.

Tulikuwa wanne: mimi na Baba Neema, mdogo wangu anayeishi Birmingham, na mkewe. Mdogo wangu ndiye aliyeitafuta yadi ya kukodisha boti. Iko upande wa Cheshire, sehemu ya chini ya mfereji wa Llangollen, ambao kutoka hapo unapanda hadi Wales. Bei ilikuwa pauni 1,450 kwa wiki, mwezi wa Juni, dizeli ikiwa humo humo. Kwa hela zetu inakaribia milioni tano. Leseni ya kuendesha haitakiwi. Mtu mzima anakabidhiwa boti ya mita 17 na ufunguo, anaondoka.

Urefu huo ni kama Coaster mbili na nusu zilizofuatana, lakini upana wake ni mita 2.08 tu. Loki za mifereji ya zamani ya huko, yaani vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha boti, nyingi zilijengwa kwa upana wa mita 2.13, na boti zinaundwa kwa kipimo hicho mpaka leo. Ndani ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Nilimuuliza fundi wa yadi kuhusu chuma: chini milimita 10, ubavuni 6, juu 4, na chini ya mbao za sakafu kumepangwa matofali ya kuipa uzito isiyumbe. Vitanda viwili vya watu wawili wawili, jiko la gesi la plati nne, jiko dogo la makaa ya mawe sebuleni kwa ajili ya baridi. Kila kitu kilikuwa safi, mashuka yananukia jua. Kwa upande wa boti yenyewe yadi wanastahili sifa zao zote.

Kazi ya bomba niliifurahia zaidi. Sakafu ya bafu iko chini ya usawa wa maji ya nje, kwa hiyo maji ya kuogea hayawezi kutoka yenyewe. Unabonyeza swichi, pampu inayanyonya na kuyatupa nje. Siku ya kwanza wifi alisahau, yakamfika vifundoni. Mitungi ya gesi inakaa kwenye kasha lake mbele kabisa, lenye matundu ya kutokea nje, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivujia ndani ya boti inatuama sakafuni kama maji kwenye beseni. Natamani kila anayeuza gesi mtaani kwetu alielewe hilo.

Ambalo halikunipendeza ni maji machafu. Ya sinki na ya kuogea yanaenda moja kwa moja mferejini, na ndiyo desturi ya boti zote. Mimi niliyelelewa kukatazwa kufua kwenye mfongo, mkono ulikuwa mzito kila nilipomwaga maji ya sabuni. Ya choo hayaendi huko, yanaingia kwenye kasha lenye magurudumu ambalo unakwenda kulimwaga kwenye vituo maalumu. Kazi hiyo aliichukua mdogo wangu bila kuombwa, Mungu ambariki. Tangi la maji safi tulilijaza kila baada ya siku mbili, na bomba za kando ya mfereji presha yake ni ndogo, hesabu karibu saa nzima.

Sasa lawama.

Tulifika saa nane mchana, siku ambayo boti kadhaa zilikuwa zinasubiri wateja. Kijana aliyetukabidhi alitumia dakika 25. Alituonyesha namna ya kuwasha injini, namna ya kukaza grisi ya shafti kila jioni, na usukani, ambao ukiusukuma kushoto boti inaenda kulia. Kuhusu loki alifungua kitabu cha maelekezo, akaweka kidole kwenye mchoro wenye mstari mweupe, akasema tukae mbele ya mstari. Mdogo wangu akauliza kama hatutaenda kuona loki moja kwanza. Akajibu muda hautoshi, tutajifunza njiani. Akasukuma boti kwa mguu, akatupungia mkono.

Tulichojifunza njiani, tulifunzwa na mtu mwingine. Pale Grindley Brook kuna loki sita, na tatu za juu zimeunganishwa kama ngazi: lango la juu la hii ndilo lango la chini la ile inayofuata. Tulimkuta mzee wa kujitolea. Mifereji mingi ya Uingereza na Wales tangu 2012 iko chini ya asasi iitwayo Canal & River Trust, iliyoipokea kutoka shirika la serikali, na sehemu kubwa ya kazi za kwenye loki zinafanywa na wazee wa namna hiyo, bila mshahara. Nilimwambia mdogo wangu, huu si msaragambo huu, kazi ya pamoja ya kijiji? Akacheka, akasema, "Dada, tofauti ni kwamba huku hakuna faini ya asiyekuja."

Loki ni chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Boti ikiingia, lango linafungwa nyuma yake. Chini ya maji kuna vilango vidogo, unavinyanyua kwa gia, kwa mpini wa chuma wenye umbo la L unaotembea nao umeuchomeka kwenye mkanda. Ukifungua vya juu chumba kinajaa, boti inapanda nacho. Ukifungua vya chini, chumba kinashuka. Hakuna pampu wala umeme. Kila mara chumba kimoja kinapomwagwa, zaidi ya lita laki moja zinateremka, yaani zaidi ya simtank 20 za lita 5,000. Yule mzee alinionyesha kizuio cha meno kinachoshika gia isirudi, akanionya nisiache mpini ukining'inia pale, kwa sababu gia ikichomoka unazunguka kama pangaboi na kuvunja mkono. Kisha akanionyesha boriti la lango: weka mgongo, kaa, subiri. Maji ya pande mbili yakiwa hayajalingana hata ng'ombe wanne hawalisogezi. Yakilingana, unasikia mgongoni boriti inalegea, na lango la tani nzima linakufuata hatua kwa hatua.

Niseme jambo moja hapa. Kwetu, enzi za bibi yangu, wanawake hawakufika banioni, pale maji ya mto yanapozuiwa yaingie mfongo. Maji walichota, walimwagilia, walijua kila tone linakwenda kwa nani na zamu ya nani imeibwa, lakini kufungua na kufunga kulikuwa kwa wanaume wa ukoo. Bibi amekufa hajaliona banio la mfongo aliounywa maisha yake yote. Mimi mjukuu wake nilisimama Grindley Brook na mpini mkononi, nikafungua, nikaona maji yanachemka chini ya boti na watu wangu watatu wanapanda polepole mpaka nyuso zao zikafika usawa wa miguu yangu. Baba Neema alitaka kunipokea mpini. Nilimkatalia loki zote sita.

Kutoka hapo mwendo ni wa pole. Ukomo wa mwendo kwenye mifereji hii ni kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa kando unapunguza zaidi usizing'oe vigingi vyake. Mfereji huu una mkondo, maji yanakuja kinyume nawe, kwa hiyo mara nyingi mtu anayetembea kando alitupita. Siku ya pili injini ikaanza kutetemeka na boti ikakosa nguvu. Pangaboi la kusukumia boti lilikuwa limemeza mfuko na kamba. Nyuma, juu ya pangaboi, kuna mlango mdogo. Unazima injini, unachomoa ufunguo na kuuweka mfukoni, unafungua, unaingiza mkono mpaka begani kwenye maji baridi na kukata kwa kisu. Ilituchukua dakika 40. Mkifika siku hiyo, mlango huo mkiurudisha uwe umekaza sawasawa, la sivyo injini ikiwaka maji yanaingia humo.

Chakula nitapita haraka. Wifi alibeba unga, maharage na ndizi mbichi kutoka duka la Waafrika. Tulipika mtori jioni mbili, na kwa kuwa mwezi Juni jua linazama huko saa tatu na nusu usiku, tuliula nje kwenye nyasi.

Pale Chirk unavuka daraja la maji la 1801, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, chini yake Mto Ceiriog ambao ndio mpaka, unaacha Uingereza na kuingia Wales. Mara tu unaingia handaki la mita 421, la boti moja moja. Unaangalia kama kuna taa upande wa pili, kama hakuna unaingia. Gizani, mkondo ukikupinga, tulihisi hatusogei kabisa.

Kilichonipeleka huko hasa ni daraja la maji la Pontcysyllte. Kwetu Uru mfongo ulivuka korongo juu ya gogo lililochimbwa katikati kama mtumbwi. Lilivuja ubavuni, na sisi watoto tulisimama chini yake kuoga. Baadaye likawekwa bomba, na bomba hilo nilikuja kuliuza mimi mwenyewe. Sasa lichukueni gogo lile, mlifanye la chuma cha kusubu, mlirefushe mita 307, mlipandishe juu ya nguzo za mawe mita 38 kutoka Mto Dee, kisha mpitishe juu yake boti ya mita 17 yenye familia. Thomas Telford na William Jessop walianza mwaka 1795, likafunguliwa 1805, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande mmoja kuna njia ya waenda kwa miguu na uzio. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa chuma uko kiganja kimoja au viwili juu ya maji, basi, baada yake ni hewa, na chini kabisa unaona vilele vya miti. Baba Neema aliingia ndani, akakaa kitandani, akasali. Mimi nilikaa mbele, nikaweka mkono juu ya ukingo ule wa chuma. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Zaidi ya miaka 200, na maungio yale bado yanashika maji. Nauza silikoni na tepu za uzi kila siku; najua kushika maji maana yake nini.

Ukimaliza daraja unakata kona kali kushoto kwenda Llangollen, na hapo mfereji unakuwa mwembamba na wa kina kifupi mpaka sehemu nyingine boti mbili hazipishani. Wifi alitangulia kwa miguu na simu, akitupigia kwamba njia nyeupe au subirini.

Boti za injini zinaishia Llangollen mjini. Mliobakiza nguvu, tembeeni kama kilomita tatu mpaka Horseshoe Falls. Ni ukuta uliojengwa mtoni kwa umbo la kwato, kazi ya Telford pia, unaotuliza Mto Dee ili sehemu ya maji yake iingie mferejini. Ni banio. Sina neno jingine la kuliita, na mtu yeyote wa Uru, Kibosho au Marangu akifika pale atalijua kabla hajaambiwa. Kuna hata kinyumba cha kupimia maji yanayoingia. Na maji hayo hayaendeshi boti tu: yanateremka mfereji mzima hadi bwawa la Hurleston na kuwa maji ya kunywa. Ndiyo maana mfereji huu upo. Mwaka 1944 kampuni ya reli iliyoumiliki ilipata sheria ya kuufunga kwa boti, lakini maji yake yalihitajika, kwa hiyo haukufukiwa. Nilikaa pale saa mbili. Baba Neema aliniacha.

Kurudi tulikuwa tunashuka, na hapo ndipo zile dakika 25 za yule kijana zilipotudai.

Ilikuwa New Marton, loki mbili, asubuhi. Wakati wa kupanda huna wasiwasi na kizingiti, kwa hiyo hata yule mzee wa Grindley Brook hakuwa na sababu ya kukitaja. Chini ya lango la juu, ndani ya chumba, kuna kizingiti kipana kilichojitokeza. Chumba kikijaa hukioni. Maji yakishuka na boti ikiwa imerudi nyuma, mkia wake unakikalia huku kichwa kinaendelea kushuka. Boti inainama, inaingiza maji, na inaweza kuzama ndani ya dakika chache. Mstari mweupe wa kuonyesha kizingiti kinapoishia ulikuwa umefunikwa na ukoga. Mdogo wangu alikuwa usukanini, gia ikiwa huru, na boti ikaelea nyuma taratibu bila yeye kuhisi. Mimi nilikuwa vilango vya chini.

Nilisikia mlio kama mtu anayeburuta pleti la chuma kwenye sakafu ya saruji. Nikatazama mbele, maji yameshuka ukutani. Nikatazama nyuma, boti haijashuka. Ndani sufuria likaanguka, wifi akapiga kelele. Nilishusha vilango vya chini kwanza. Kisha nikakimbia juu, nikafungua kilango cha juu nusu, polepole, maji yakarudi chumbani, na boti ikanyanyuka kutoka kwenye kizingiti ikakaa sawa. Nilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimeshakisoma kile kitabu chao chote, na kwa sababu nyumbani mfongo ukipasuka unafunga banio kwanza, maswali baadaye. Mdogo wangu alishuka akakaa kwenye nyasi, mikono inamtetemeka. "Dada, ningewaua." Nikamwambia hapana, hukuonyeshwa.

Hili ndilo linaloniuma kwenye huduma ile. Hatari kubwa kuliko zote kwenye loki ilielezwa kwa kidole juu ya mchoro, sekunde kumi, kwa watu wanne ambao hawajawahi kuona loki. Tuliporudisha boti nilimweleza meneja, mbele ya yule kijana. Alisikiliza, akaandika, akaomba radhi, hakukata dhamana yetu. Namshukuru kwa hilo, lakini siku hiyo hiyo nikamwona kijana akisukuma boti nyingine kwa mguu.

Wanaoniuliza kuhusu kuishi humo moja kwa moja: tulilala Ellesmere jirani na mama mmoja aliyeishi botini kwa miaka. Hana gati la kudumu. Sheria ya 1995 inamruhusu mtu kama yeye kuzunguka mfululizo, asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Analipia leseni ya boti, na kila miaka minne boti inakaguliwa usalama wake. Umeme wake ni sola na injini, joto lake ni makaa anayobeba mwenyewe kwa magunia. Alinionyesha kitanda chake, vyungu vyake vya mboga juu ya paa, na pipa la majivu. Alikuwa ameridhika, na nilimwamini. Alinieleza pia kuhusu siku za Januari ambapo mfereji unaganda na bomba la maji linaganda nalo. Mimi wa Moshi ningekubali miezi ya Mei hadi Septemba.

Kwa hiyo: boti nzuri, mfereji sijapata kuona mfano wake, bei ni kubwa ila mkigawana wanne mnapata malazi, jiko na usafiri kwa pamoja. Mtu mwenye magoti mabovu akae usukanini, malango yanataka miguu. Nunueni glovu za kazi, gia zina grisi. Waliozoea kuhudumiwa wasiende. Waliokua kando ya mfongo waende, waende na mama zao.

Mwakani tunarudi, safari hii na Neema. Mdogo wangu alitaka yadi ile ile kwa sababu ya usafi wa boti. Nilikataa, nikaandikia nyingine, na swali langu la kwanza halikuwa bei: je, mtu wenu atapanda boti nasi mpaka kwenye loki ya kwanza, na atatushusha moja mbele ya macho yake? Jibu lilikuja jana. Ndiyo, kwa muda wa saa moja na nusu, bila nyongeza ya malipo. Kianzio kimelipwa.